Laugh-In ya 1977: kwa nini ilizimika haraka wakati ilikuwa na Robin Williams?

mpenzi_wa_komedi (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Nafuatilia sana historia ya vichekesho vya TV za Marekani na kuna kitu kimoja kinanisumbua, naomba wenye uelewa mnisaidie.

Wengi humu mnaijua Rowan & Martin's Laugh-In ya NBC. Ilianza Januari 1968 ikaisha Machi 1973, na misimu miwili mfululizo, 1968-69 na 1969-70, ndo kilikuwa kipindi namba moja kwa watazamaji Marekani nzima. Kile chenye ukuta wa rangi rangi na vidirisha, mtu anatoa kichwa anatupa utani wa sekunde tatu anafunga, Goldie Hawn anajikwaa kwenye maneno anaishia kucheka mwenyewe, Arte Johnson na kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani anachungulia kutoka kwenye majani, Ruth Buzzi na nyavu yake ya nywele anamtandika yule mzee kwenye benchi na mkoba. Kitu kilikuwa moto kweli kweli.

Sasa 1977 NBC hao hao wakakirudisha. Prodyuza George Schlatter yule yule, jina likabaki Laugh-In tu bila ya Rowan & Martin mbele, waigizaji wapya kabisa na mmoja wao ni Robin Williams, kijana wa miaka 26 ambaye nchi ilikuwa bado haijamjua. Yaani una stesheni ile ile, prodyuza yule yule, mtindo uliowahi kuongoza nchi nzima, halafu una Robin Williams ndani, mimi naona hapo hakuna namna ya kushindwa. Lakini vikatoka vipindi maalumu vichache kati ya Septemba 1977 na mwanzoni mwa 1978 halafu basi, kimya.

Nimeangalia vipande vilivyopo mtandaoni, Robin anang'aa, utani mwingine ni mzuri tu, ila kipindi kizima hakinishiki, nakitazama kama nipo nje ya nyumba. Tatizo lilikuwa nini hasa? Waandishi? Zama? Waigizaji? Naomba michango wadau, hasa mliowahi kuangalia zote mbili.

---

marudio_ya_usiku

Mkuu swali zuri na mimi jibu langu ni fupi ingawa maelezo ni marefu: waliwatoa Rowan na Martin.

Watu wakiikumbuka Laugh-In wanakumbuka ukuta, rangi, wasichana waliochorwa maneno mwilini na Goldie, wanawasahau wale jamaa wawili waliovaa suti za harusini wamesimama katikati ya vurugu yote. Dan Rowan na Dick Martin walikuwa wamepiga kazi pamoja kwenye kumbi za usiku tangu 1952, miaka 15 na ushee kabla ya kipindi, kwa hiyo walikuja na kitu ambacho huwezi kukiandika kwenye karatasi. Rowan ndo mtu mzima anayejaribu kupanga mambo yaende, Martin anajifanya haelewi chochote anachoambiwa na akili yake iko kwa mabinti, na kila baada ya fujo ya dakika kadhaa unarudi kwao, wanapiga stori taratibu, unapumua, halafu fujo inaanza tena. Mpaka mwisho wa kipindi Rowan anamwambia mwenzake aage na Martin anavuruga hata hilo. Ule utulivu wao ndo uliofanya kasi ionekane kasi, manake kama kila kitu kinakimbia hakuna kinachokimbia.

Ile ya 1977 haina mahali pa kukanyaga. Ni watu wapya, huwajui, wanapita mbele yako kila mmoja sekunde nne, na hakuna hata mmoja anayekuambia hawa ni akina nani na kwa nini uwapende. Mleta mada umesema unakitazama kama upo nje ya nyumba, mimi nasema ni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukufungulia mlango.

Halafu kuna upande wa sheria. Rowan na Martin walikuwa na sehemu yao ya umiliki kwenye Laugh-In, hawakushirikishwa, wakamshtaki Schlatter kwa kutumia mtindo wa kipindi bila ridhaa yao, na 1980 wakashinda, hukumu ikawa dola milioni 4.6. Kwa hiyo hata kama watazamaji wangekipenda sijui kingeenda mbali kiasi gani na mzigo huo nyuma.

---

tepu_inchi_mbili

Naunga mkono hoja ya marudio_ya_usiku na naongeza ushahidi ambao watu wengi hawaujui. Schlatter alikuwa ameshapewa somo hilo hilo mwaka 1969.

Laugh-In ikiwa kileleni, yeye na mwenzake Ed Friendly walitengeneza kipindi kingine kinaitwa Turn-On, kikarushwa ABC tarehe 5 Februari 1969. Wazo lilikuwa kwamba kipindi kimetengenezwa na kompyuta. Hakuna waongozaji, hakuna vicheko vya watu, badala yake sauti za mashine, pazia jeupe nyuma, utani juu ya utani bila kupumzika. Kuna stesheni zilikikata kikiwa bado hewani siku hiyo hiyo, ile ya Cleveland haikufika hata mwisho, na ABC wakakiua papo kwa papo. Episodi moja. Sawa, kulikuwa na mambo ya ngono yaliyowaudhi wengi, sikatai, lakini ukikitazama leo utaona kinachokuchosha sio ngono, ni kwamba hamna binadamu hata mmoja wa kumshika mkono.

Sasa niseme la fani yangu kidogo maana ndo ninalolijua zaidi, mimi ni mhariri wa picha. Kasi ya Laugh-In mwaka 1968 ilikuwa maajabu ya ufundi. Ile ilirekodiwa kwenye tepu ya video ya inchi mbili, na tepu ile wakati huo ulikuwa unaikata kwa mkono, na ukiishika huoni picha yoyote kama unavyoona kwenye filamu, unapaka dawa maalumu yenye chembe za chuma ili alama za sumaku zionekane, unatazama kwa hadubini, unakata mahali penyewe hasa, unaunganisha na gundi ya utepe. Ukikosea kidogo tu picha inaruka. Arthur Schneider alipata tuzo ya Emmy kwa kuhariri kipindi kile na kila nikifikiria kazi aliyoifanya namvulia kofia, maana waandishi walikuwa wanamletea vipande vya sekunde sekunde mamia kwa kipindi kimoja, na kila kipande ni kukata kwa wembe. Watazamaji hawakuwa wamewahi kuona TV inakwenda hivyo maisha yao yote. Vipindi vya burudani vya wakati ule vilikuwa ni pazia linafunguka, mwimbaji anaimba dakika nne, kikundi kinacheza, pazia linafungwa.

Kufika 1977 mitambo ya kuhariri kwa kielektroniki yenye namba za muda kwenye tepu ilikuwa imeshaenea, kukata haraka kukawa kazi ya kawaida, matangazo ya biashara yanakatwa hivyo, Sesame Street imeanza 1969 na imeichukua ile kasi ya Laugh-In ikaitumia kufundisha watoto herufi na namba, Hee Haw nayo imeichukua ikaivalisha kofia za mashambani. Kwa hiyo unapokirudisha kipindi ambacho mshangao wake mkubwa ulikuwa ni kasi, mbele ya watu ambao watoto wao wanaamka asubuhi na kuangalia kasi ile ile, unabaki na nini? Unabaki na waigizaji. Na waigizaji hawajatambulishwa.

---

bi_mkubwa_wa_runinga

Nyote mmesema vizuri ila mnazunguka zama, na mimi nataka nikae hapo kidogo.

Laugh-In ilizaliwa mwaka 1968, jamani. Vita ya Vietnam, Martin Luther King ameuawa Aprili, Robert Kennedy ameuawa Juni, vijana barabarani, na jioni ya Jumatatu familia nzima inakaa pamoja mbele ya TV moja, baba na mtoto ambao hawaongei. Kile kipindi kilikuwa na rangi na nguo na muziki wa vijana lakini kimeongozwa na watu wawili wazima wenye suti, kwa hiyo baba anacheka lake na mtoto anacheka lake ndani ya chumba kimoja. Utani wa siasa ulipita haraka sana kiasi kwamba kabla hujakasirika umeshachekeshwa na mwingine. Na Septemba 16, 1968, katikati ya kampeni, Richard Nixon mwenyewe akatokea kwa sekunde chache akasema ile kauli maarufu ya "Sock it to me" iliyokuwa inamletea Judy Carne, mwigizaji wa kipindi, ndoo ya maji, akaisema kama swali, kama mtu anayeshangaa. Mpinzani wake Hubert Humphrey alialikwa akakataa. Mpaka leo watu wanabishana kama zile sekunde zilimsaidia Nixon kushinda, mimi sijui, lakini hebu fikiria kipindi cha vichekesho chenye uzito wa kiasi hicho, kwamba mgombea urais anaona afadhali aonekane pale.

1977 iko wapi kitu kama hicho? Nixon ameshajiuzulu tangu 1974, vita imeisha, watu wamechoka. Na wale vijana wa 1968 waliotaka utani mkali walikuwa wameshapata kwao, Saturday Night Live ilianza Oktoba 1975, NBC hiyo hiyo, usiku wa manane wa Jumamosi, moja kwa moja bila kurekodiwa. Na aliyeianzisha, Lorne Michaels, alikuwa mwandishi kijana kwenye Laugh-In mwishoni mwa miaka ya sitini! Alitoka pale akiwa hapendi namna utani wa mwandishi unavyokatwa katwa na kubadilishwa, akaenda kujenga kitu kinyume, michezo mirefu, watu wanaocheza mbele ya hadhira hai, makosa yanaonekana. Kwa hiyo stesheni moja ilikuwa na mtoto wa Laugh-In anayekua usiku, halafu inamrudisha mzazi mapema jioni avae nguo za ujana. Mimi iliniuma kuona vile kwa kweli, maana kile kipindi cha kwanza nakipenda toka moyoni.

---

mpenzi_wa_komedi (mleta mada)

Aisee nashukuru sana, nasoma kila neno. Hii ya Turn-On sikuwa naijua kabisa.

Ila ndugu marudio_ya_usiku naomba nikuulize. Kama siri ni Rowan na Martin, mbona msimu wa mwisho 1972-73 walikuwepo wote wawili, wamesimama pale pale na suti zao, na bado kipindi kilishuka mpaka kikafutwa?

---

marudio_ya_usiku

Swali la haki. Ukiangalia msimu ule wa mwisho, kati ya wale walioanza nao mwanzo kabisa, ukiwatoa Rowan na Martin wenyewe, waliobaki mpaka mwisho ni Ruth Buzzi na Gary Owens, yule mtangazaji wa sauti nzito anayeshika sikio. Goldie ameshaondoka kwenda kwenye filamu na ameshachukua Oscar, Judy Carne hayupo, Arte Johnson na Henry Gibson na Jo Anne Worley hawapo, na Schlatter mwenyewe hayupo, nafasi yake kachukua Paul Keyes. Kwa hiyo 1973 unao wenye nyumba bila familia, 1977 unayo familia mpya bila wenye nyumba. Mimi sisemi wale wawili peke yao wanatosha. Nasema hicho kitu kilikuwa kinahitaji vyote kwa pamoja na hakuna mwaka baada ya 1970 kilipokuwa navyo vyote.

---

jumatatu_saa_mbili

Wadau mmegusa mengi ila naona hamjagusa kitu ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote. Jamani, kile cha 1977 hakikuwa kipindi cha kila wiki! Vilikuwa vipindi maalumu, kinakuja kimoja, unakaa, kinakuja kingine.

Sasa chukueni Laugh-In ya kwanza muitoe kila kitu kinachojirudia muone kinachobaki. Yule askari wa Arte Johnson anasema maneno yale yale kila wiki. Lily Tomlin, aliyejiunga mwishoni mwa 1969, ni yule yule Ernestine wa kampuni ya simu na mkoromo wake wa puani, kila wiki. Ruth Buzzi kwenye benchi kila wiki. Tuzo ile ya kidole kinachoruka kila wiki wanampa mtu au taasisi iliyofanya upuuzi. Mara ya kwanza ukiona askari anachungulia kwenye majani haichekeshi kivile, kusema ukweli. Inachekesha mara ya sita, kwa sababu umeshamjua, umemsubiri, na shuleni au kazini Jumanne kila mtu anamwigiza. Kipindi chote kilikuwa kimejengwa juu ya mazoea. Ndo maana utani wa sekunde tatu ulitosha, manake sekunde tatu hizo zimebebwa na wiki 20 zilizopita.

Ukileta waigizaji wapya karibu 15 kwa mpigo, ukawapa sekunde tatu kila mmoja, halafu ukaondoka ukarudi baada ya wiki kadhaa, mtazamaji ameshasahau hata sura. Mhusika hana muda wa kuota mizizi. Hata ungewaleta Rowan na Martin wenyewe kwa ratiba ile bado ingekuwa ngumu. Nadhani NBC waliogopa kuweka pesa ya msimu mzima, wakaamua kuonja kwanza, na kipindi cha aina hii hakionjwi kwa kijiko kimoja.

---

bi_mkubwa_wa_runinga

jumatatu_saa_mbili umenena. Hii ndo hoja ya uzi huu.

Na inaeleza hata habari ya Robin. Msimu ule ule, Septemba 1977, alikuwa pia kwenye kikosi cha The Richard Pryor Show, NBC tena, ambacho nacho kilipata episodi nne tu, kimewekwa saa mbili usiku kupambana na Happy Days ya ABC, Pryor anagombana na wakaguzi wa stesheni kuhusu nini kisemwe. Kwa hiyo NBC walikuwa na Robin Williams mara mbili ndani ya mwaka mmoja na hawakujua wamfanye nini. Yeye sio mtu wa sekunde tatu. Anaanza na sauti moja, inazaa nyingine, inazaa ya tatu, anakwenda mahali ambapo hata yeye hakujua anakwenda, sasa ukikata pale anapoanza kupanda umebaki na kijana anayepiga kelele. Februari 1978 Happy Days wakamleta kama Mork, kiumbe kutoka sayari nyingine, wakamwachia nafasi azunguke, na Septemba mwaka ule Mork & Mindy ikaanza ABC. Kile ambacho NBC walikikata vipande vipande ABC walikiacha kikimbie.

---

tepu_inchi_mbili

Kama mhariri nakubaliana na hilo asilimia mia. Kuna waigizaji unaowatengeneza mezani kwa kukata na kuna waigizaji unaowaharibu kwa kukata. Goldie Hawn alikuwa wa aina ya kwanza, ule mkwamo wake na kicheko kile ukikiweka mahali sahihi kati ya vitu viwili vinavyokwenda kasi unapata dhahabu. Robin ni wa aina ya pili, mkato wowote ni hasara.

---

msimu_mmoja

Nimechelewa ila niongeze kidogo kwa mleta mada. Hili sio la Laugh-In peke yake. The Smothers Brothers, ndugu wale ambao CBS waliwafuta 1969 kwa sababu ya siasa zao, CBS hao hao waliwarudisha 1988 wakati wa mgomo wa waandishi, ikapita bila kelele. Carol Burnett, malkia kabisa, miaka 11 CBS kuanzia 1967 mpaka 1978, 1991 wakamrudisha na kipindi kipya chenye jina lile lile, hakikumaliza mwaka. Mwaka 2016 Maya Rudolph na Martin Short, na Lorne Michaels akiwa nyuma yao, Maya & Marty, episodi sita majira ya joto kisha basi. Vipindi mseto ni gharama, bendi, wachezaji, nguo, seti mpya kila wiki, na vinahitaji nyumba nzima iangalie TV moja. Na hata siku zile za 1977 nyumba ilishaanza kugawanyika.

Ila mimi sikubali kwamba haiwezekani tena. Vilivyokufa vyote nilivyovitaja vilipewa muda mfupi. Nionyesheni kimoja kilichopewa miaka miwili kikashindwa, hapo nitasema mtindo wenyewe umekufa.

---

mpenzi_wa_komedi (mleta mada)

Nimewasoma wote, asanteni sana, hasa ya ratiba sikuwahi kuifikiria na naona ndo inayonijibu zaidi, maana hata mimi mwenyewe nilipoviangalia vile vya 1977 sikukumbuka mhusika hata mmoja zaidi ya Robin, na yeye namkumbuka kwa yale aliyoyafanya baadaye.

msimu_mmoja hoja yako ya miaka miwili naipenda, naomba kuijengea uzi wake.

Swali dogo la mwisho, je vile vipindi NBC walivirusha mara moja tu au viliwahi kurudiwa?

---

marudio_ya_usiku

Vilirudiwa mkuu. Mork & Mindy ilipolipuka ABC, NBC wakakumbuka kwamba kijana yule wanaye kabatini, wakavitoa wakavirusha kama kipindi cha majira ya joto 1979. Na nadhani hapo ndo Wamarekani wengi walipomwona Robin kwenye Laugh-In kwa mara ya kwanza. Schlatter wakati huo alikuwa ameshahamia kwenye Real People, NBC hiyo hiyo, imeanza mwaka huo 1979, watu wa kawaida na vituko vyao vya kweli badala ya waigizaji, na ile ilikaa hewani mpaka 1984. Ukipata nafasi itafute, uangalie namna alivyoweka waongozaji wengi mbele ya hadhira wanaopiga stori kati ya kipande na kipande. Mimi naona pale alikuwa amerudisha kile alichokitoa.